Kitenge cha Kanisani

Kirando, kando ya ziwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku sote tunapumua, joto la ziwa tumelizoea. Mgongo wa baba unaendeleaje? Na baridi ya huko kwetu Pito, imekwisha anza kuwauma?

Mama, uliuliza kwa nini mjukuu wako anakaribia kutembea na hajabatizwa. Niliona aibu kukueleza. Kile kitenge cha kanisani ulichonipa nilipoolewa, nguo yangu pekee ya kuendea misa, nimekiharibu. Mvua ilitukuta dagaa wa kijiji wameanikwa mchangani, turubai halikutosha, na dagaa wakilowa wanaoza. Nikakimbilia nyumbani, nikakitwaa, nikawafunika. Wenzangu walinishukuru sana, lakini harufu haijatoka mpaka leo. Nimekifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa majani ya mlimao. Wapi! Nzi wananifuata mimi kuliko dagaa wenyewe.

Basi nikawa nasikiliza misa nje, chini ya dirisha, mtoto mgongoni. Nilijiambia harufu ikiisha nitaingia. Unakumbuka ulivyokuwa ukitukuta tunataka kusali na miguu ya matope? Ulikuwa unasema, "Kisimani kwanza." Nikadhani Mungu naye ananiambia hivyo hivyo.

Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Juma lililopita mtoto alishikwa na homa kali tukiwa kwenye dagaa, mpaka macho yakageuka. Padre, ambaye huku huja mara chache, alikuwa anafunga mizigo aondoke. Nilimviringisha mtoto kwa nguo iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa kitenge kile kile nilichokuwa nimekifua tena na kukianika hapo kando, nikakimbia na magamba mikononi. Mlangoni mwa kanisa nikasimama. Nikamwambia padre kwamba ninanuka, nikamwomba ambatize nje.

Akanitazama, akasema, "Ingia, mama. Huyu mtoto ulingoja anawe ndipo umbebe?"

Niliingia nikilia. Tumempa jina lako, Sesilia. Homa imeshuka kwa dawa za zahanati, sasa anacheka. Ila mimi nikimtazama naona aibu kubwa kuliko ile ya harufu. Nusura nimpoteze bila ubatizo, eti nangoja Mungu apendezwe na nguo yangu.

Baba Sesilia anawasalimu. Nisalimie baba, shangazi aliyenisuka siku ya harusi, na dada yangu aliyeolewa Msanzi.

Mkianza kuvuna ulezi nitakuja kuwasaidia. Nitavaa kitenge hicho, sina kingine. Mungu nimekwisha mwendea. Ni wewe ambaye bado nakuogopa. Harufu ikinitangulia mlangoni, mama, usinitume kisimani kwanza.

Binti yako,
Veronika