Panya Walioshiba

Jumanne jioni

Wiki tatu za sindano zimekwenda na maji! Panya ninaowachoma homoni ya ukuaji walitakiwa kukaa na njaa tangu alfajiri, ili mchana niwape insulini nione kama homoni inaizuia kushusha sukari ya damu. Nafika maabara, nakuta vizimba vimejaa chenga za ugali wa uwele.

Ni Bi Mwaja, mfagizi wetu, mtu wa Ihumwa, kijiji cha ukame. Nikamvaa, hata shikamoo sikumpa.

"Walikuwa wanatafuna waya, mwanangu. Sisi tulioiona njaa hatuachi kiumbe hivyo."

Homoni imekwisha, siwezi kurudia kipimo. Sijui kama wafadhili watatuma nyingine.

Kesho mkuu wa maabara anataka maelezo. Nikimtaja Bi Mwaja, atapunguzwa kazini. Siku hizi wanatafuta tu majina ya kupunguza. Nisipomtaja, uzembe ni wangu.

Na mchana ule nilikuwa bado nafoka alipofungua kitambaa chake, akanipa kipande cha ugali.

"Na wewe hujala tangu asubuhi."

Nikala, nimenuna. Sasa hivi ndipo ninapoelewa: kile kilikuwa chakula chake cha mchana, kipande alichobakiza baada ya kuwalisha panya.