Siku Mazengo Alipozima Redio

Ulemo, Iramba
6 Agosti 2000

Dada yangu mpendwa Rebeka,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta huko Arusha ukiwa na nguvu na maziwa yanatoka vizuri, maana mama ana wasiwasi na hilo kuliko mambo mengine yote. Shemeji hajambo? Na huyo mgeni wenu ameanza kulala usiku, au bado anawakeshesha? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mtama umeshaingia ndani, sasa tunapiga alizeti.

Usijilaumu kwamba hukuja kumzika Naftali. Mzazi mwenye kitoto kichanga apande basi aje wapi? Kila mtu alielewa. Malaria ilimpanda kichwani Jumapili moja ya mwezi wa saba baada ya ibada, na kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali, mume wangu hakuwepo tena.

Ninalotaka kukueleza ni habari ya redio. Nilikuandikia mwezi wa tano kwamba hizi redio mpya za watu binafsi zimeanza kushika hadi huku, na kwamba moja ilileta gari kurekodi kwaya yetu. Walikuwa wanaandaa siku ya kumwadhimisha Bach, yule mtunzi wa Kijerumani, kwa kuwa ilikuwa inatimia miaka mia mbili na hamsini tangu afariki, wakataka kwaya za vijijini zinazoimba nyimbo zake kwa Kiswahili. Naftali alikosa usingizi kwa furaha. Alitukazania do-re-mi ubaoni mpaka koo zikauma. Dina wa sauti ya kwanza akauliza kama mzee Bach mwenyewe atafika, ili akina mama wajue wachinje kuku wangapi. Naftali alicheka hadi akakaa chini. Ule wimbo anauanza yeye peke yake, kwaya nzima imenyamaza, ndipo sisi tunaingia. Watu wa redio wakatuambia utarushwa tarehe 28 Julai, saa kumi jioni.

Basi tarehe ikafika tanga halijaanuliwa. Tunamsubiri shemeji Derick, nduguye Naftali, atoke machimboni Geita, na mama mkwe amesema bila yeye hakuna kuanua. Nawe unajua, nyumba yenye tanga haiwashwi redio. Nilimwomba mama mkwe, nikamweleza kwamba ni sauti ya mwanawe. Akalia, akasema hata yeye anaitamani, lakini watu watasema tunapiga muziki na kaburi bado bichi. Sikumkasirikia.

Saa kumi ilipokaribia nikachukua chupa, nikaaga kwamba nakwenda kununua mafuta ya taa kwa Mazengo, yule Mgogo wa Manyoni aliyefungua duka hapa karibu na kanisa. Redio yake huimba kutwa. Nikiwa bado njiani nikamsikia mtangazaji akiitaja kwaya ya Ulemo. Dada, nilikimbia. Mjane mzima na kitambaa changu cha msiba kichwani, nakimbia barabarani kama mtoto. Nikakaribia baraza, Mazengo akaniona. Akainuka haraka akazima redio. Wanaume waliokaa pale wakasimama, wakavua kofia. Mazengo akaniomba msamaha kwamba hakujua ninakuja, akanipa pole.

Ningesema washa. Neno moja tu. Lakini walikuwa wamesimama wote kwa heshima yangu, na mdomo wangu ukajibu wenyewe kwamba nimeshapoa, asante. Nikampa chupa. Akapima mafuta taratibu, kwa adabu, huku akinisifia marehemu. Nilipopata ujasiri wa kumwomba awashe, ilikuwa kwaya nyingine kabisa, inaimba Kijerumani. Mazengo alipoelewa alichokifanya alikaa juu ya gunia akafunika uso. Mpaka leo ananikwepa, nami simlaumu. Angefanya nini kingine?

Mwinjilisti Zefania alikwenda Kiomboi kuwapigia simu watu wa redio. Wakamjibu kwa upole kwamba kanda ile walishaitumia tena kurekodia mambo mengine.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu hapa. Sauti ya Naftali imenitoka. Uso wake ninao, maneno yake nayakumbuka, lakini nikijaribu kusikia anavyoniita, naisikia sauti yangu mwenyewe. Ndiyo maana nilikimbia. Nilidhani tulipomzika alikuwa amekwisha kwenda, kumbe bado anaendelea kuondoka, na sina pa kumshika. Naumia, dada.

Huko kwenu redio ile inashika vizuri. Kama ulimsikia, usiniandikie kwamba alipendeza. Niandikie alianzaje, alivuta pumzi wapi, sauti ilikuwa nzito au nyembamba. Na kama siku hiyo hukuwasha redio, naomba uniandikie hivyo hivyo kwamba ulimsikia. Sitakuuliza mara ya pili.

Mama anakusalimu, anasema usiache kunywa uji. Mama mkwe naye anakusalimu sana. Mnibebee huyo mtoto mpaka nitakapomwona.

Ni mimi mdogo wako,
Eliana