Nusu Mzunguko

Jumatatu, 14 Julai
Asubuhi nimezunguka stoo na kipimo cha mionzi. Kawaida. Mama wa maandazi, jirani yetu hapa Lyamkena, ameniuliza tena lini nitampiga picha ya pasipoti. Mwaka wa kumi na moja huu namwambia kamera zangu hazipigi watu, zinapiga vyuma. Mionzi inapenya bomba, filamu inaonyesha kama fundi kachomelea vizuri au kadanganya. Kasema basi nimpige mume wake.

Kamera namba mbili imerudi kutoka Njombe kwa matengenezo ya mwaka. Kidonge chenye mionzi kimelala kwenye kasha la madini ya risasi, ndani nimeweka kidonge bandia cha majaribio. Saa nane mchana, jua zuri, nikashika hendeli inayosukuma kebo yenye kidonge. Mizunguko ishirini na nne kukitoa, ishirini na nne kukirudisha. Nahesabu kwa Kibena, kwa sauti. Wanaocheka wacheke. Hakuna anayehesabu kama mimi Makambako nzima.

Ijumaa anakuja mkaguzi. Jumamosi kamera iende Njombe, kwenye boila la kiwanda cha chai.

Jumanne, 15 Julai
Saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya kukata masikio. Kila jaribio narudia alfajiri, hakuna aliyeniagiza. Kutoka, ishirini na nne. Kurudi, ishirini na tatu na nusu. Nimerudia mara tatu. Ile nusu haipo.

Nusu mzunguko maana yake kidonge hakijafika ndani kabisa. Kimekwama mlangoni kinachoma. Mtu mwenye haraka, asiyepima, anakaa pembeni yake anakunywa chai.

Bosi Shabani kaja kuona. Kitasa cha kamera, kinachojifunga kidonge kikifika ndani, kiligoma. Akakipiga kiganja, kikafunga. "Dada Tumaini, si hicho? Jana ilipita. Wale wa Njombe wanafanya kazi mchana."

Nikamwambia Njombe mwezi wa saba haina mchana. Hakucheka. Muhuri wangu wa kupitisha kamera sikugonga. Nina hasira mpaka sasa, na ni kwa ajili ya kile kiganja.

Jumatano, 16 Julai
Nimefungua ala ya kebo. Grisi! Nzito, nyekundu, ya gia. Kebo hii hupakwa mafuta mepesi, tena kidogo. Grisi ya gia ikipata jua inalainika, ikipata baridi inaganda. Ndiyo maana Jumatatu ilinidanganya.

Nimeosha kebo yote, mita kwa mita. Mikono imepasuka kwa dawa. Raha, lakini. Nilikuwa sahihi.

Jioni raha imekwisha. Ile grisi naijua. Ni yangu. Mwezi wa sita nilimpa kaka Sanga, mpiga picha wetu wa vyuma kule Njombe, kwa ajili ya winchi ya gari. Niliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Sikuandika kitu juu ya kopo. Sheria ya kwanza ninayowafundisha wageni: kilainishi kisicho na lebo hakipandi gari la kamera.

Nimempigia Sanga. Kasema hajui, dada, labda vumbi. Kaongea harakaharaka.

Alhamisi, 17 Julai
Fomu ya matengenezo ina mstari: chanzo cha hitilafu, na aliyehusika. Bosi anataka niandike vumbi. Vumbi halina wakili, kasema. Anaogopa kupoteza kazi ya boila. Mimi naogopa muhuri. Una jina langu. Wakiuchukua, nabaki mfuta vyuma kwenye karakana niliyoipanga kwa mikono yangu.

Nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa. Nimeandika: grisi isiyofaa, ilitoka kwenye kopo nililolitoa bila lebo. Aliyehusika: Tumaini Mgaya. Aliyepaka sikumwandika. Sikumwona.

Mwandiko wangu ulitulia vizuri. Bosi hajaniaga.

Ijumaa, 18 Julai
Alfajiri kabla mkaguzi hajafika: ishirini na nne, ishirini na nne. Kitasa kimeingia chenyewe, taratibu.

Mkaguzi alifika na koti zito. Alisoma fomu mara mbili, akazungusha hendeli mwenyewe, akarudia. Hakupata cha kurekebisha. Kamera kaipitisha kwa muhuri wake. Wangu kauchukua, kauweka mkobani mwake. Nikae bila muhuri mwezi mmoja, kisha nifanye mtihani.

Imeniuma. Nililia stoo, dakika tano hivi. Halafu nikajipongeza, maana hakuna mwingine ambaye angejiandika mwenyewe. Yule mzee alizungusha kebo yangu akakosa kasoro.

Jumatatu, 28 Julai
Kazi ya boila imeisha, salama. Nakala ya fomu husafiri na kamera ili timu isome na kusaini. Leo imerudi.

Chini ya jina langu, kwenye mstari uleule, kuna mwandiko wa Sanga, umebanana kwa kukosa nafasi: "Nilipaka mimi. Asubuhi kebo ilikuwa ngumu, nikaona nisaidie. Sikupima kabla ya kufunga." Tarehe, saini.

Hakuna aliyemuuliza. Bosi kaisoma kasimama, kaiweka kwenye faili, kaenda nje.

Sikumpigia Sanga simu. Nimemtumia ujumbe kwamba fomu nimeipokea. Kajibu: Asante, dada. Nikaendelea kuosha kebo ya kamera namba moja.