Mto Chini ya Goti

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa hili maana nimefika mwisho wa akili yangu. Binti yangu ni mchezaji wa mpira, mtaani wanamwita Umeme kwa mbio zake, na msimu uliopita aligongwa uwanjani kano ya goti ikakatika, akapasuliwa, tukaambiwa aende kliniki ya fiziotherapia, na huko ndiko roho yangu inakochanika, kwani yule kijana wa fizio anamlaza, analikandamiza goti kwa mikono miwili na mwanangu anapiga kelele mpaka namsikia nikiwa kwenye benchi la nje, na yeye anasema tu "vuta pumzi, dada, bado kidogo," jamani, hicho kidogo chake hakiishi! Baba yake alishatangulia mbele ya haki, sina wa kumlilia. Nyumbani kaagizwa alale mguu umenyooka, lakini mimi ni mama, nikimwona amekunja uso namwekea mto wangu laini chini ya goti, anashusha pumzi, anasema "asante, mama," analala, na mchana vilevile akitazama televisheni, yaani raha pekee ya mtoto huyu ni ule mto, na sasa miezi inakatika, mguu haunyooki, anachechemea, juzi kampa mdogo wake viatu vyake vya mpira akaniambia, "Mama, mimi basi tena," nikaenda kulilia jikoni. Shangazi yake anasema fizio ndiye anayemharibu. Je, nimwachishe kliniki?

Mama Umeme

Mama Umeme, pole sana. Barua yako imeniliza, kisha ikanipandisha hasira. Nilikuwa tayari kumchamba yule kijana, nikafika kwenye mto, nikaweka kalamu chini. Nikampigia simu mtaalamu wa viungo ninayemwamini, nikamsomea. Hakuniacha nimalize. "Mto chini ya goti? Mwambie autoe leo!"

Goti lililopasuliwa hupenda kukaa limekunjika, kwa kuwa hivyo haliumi sana, na likizoeshwa hivyo usiku na mchana, linakakamaa hivyohivyo. Anachokinyoosha yule kijana asubuhi kwa machozi, wewe unakikunja jioni kwa huruma. Halafu lawama anabeba yeye! Na huyo shangazi, akitaka kuchochea, akachochee jiko lake.

Sisemi humpendi. Unampenda, na mapenzi hayo ndiyo yanayomlemaza. Najua inauma kusikia hivyo.

Basi kliniki asiache. Kesho usikae benchi, ingia naye, na kabla fizio hajaligusa goti mwambie habari ya mto kwa kinywa chako, maana maskini amekuwa akipapasa gizani. Mwulize kama mnaweza kuweka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti libaki wazi lijinyooshe lenyewe. Litauma, usijidanganye. Akikuita, nenda, mshike mkono, mwimbie ukitaka, ila taulo usiliondoe. Kama atacheza tena, mimi sijui, na atakayekuahidi anakudanganya. Kwanza atembee bila kuchechemea. Viatu mdogo wake avitunze tu, asivichakaze.

Na ule mto, uhamishie chumbani kwako. Usiku ataulilia, nawe utamnyima, na ukirudi kitandani utakuwa na pa kuficha uso wako.