Shavu la Kushoto

Jumanne, 10 Septemba 1991
Sijamwambia mtu yeyote. Sijda zangu ndefu si uchaji. Nangoja pua ifunguke; tangu nipate mafua, hata harufu siisikii. Nikisujudu, kitu hutiririka kutoka shavu la kushoto, na kwa muda napumua kama watu. Leo baada ya adhuhuri Bibi kamwambia jirani, "Muache, yuwazungumza na Mola wake." Jirani akajibu, "Sijda hiyo yatosha kuchemsha chai!" Wakacheka. Nikaona haya.

Jumatano, 11 Septemba
Chuoni. Bi Zena, maalimu wetu, atafuta msichana wa kufungua maulidi ya wanawake kwa Qur'ani. Nataka niwe mimi. Nataka sana. Ila ghuna, ile sauti ya kuvuma puani, haitoki. Bi Zena akaniuliza, "We Rukia, pua umeitia gundi?" Mwanaidi, nikaaye naye mkeka mmoja, alicheka kuliko wote. Namchukia. Kidogo. Bi Zena atatusikiliza tena Jumatatu.

Alhamisi, 12 Septemba
Mwalimu wa bayolojia kaniazima kitabu chake. Nimesoma mapumziko yote. Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vitupu: kwenye paji, mashavuni, kati ya macho, na nyuma kabisa. Vyote hutoa kamasi puani kwa vitundu vyembamba. Lakini kitundu cha shavu kiko juu, karibu na jicho! Kama tangi lenye mfereji chini ya kifuniko. Ukisimama, halimwagiki lenyewe. Vinyweleo vidogo mno hufagia kamasi kupanda hadi mlangoni. Mafua yakiuvimbisha mlango, kamasi hubaki ndani. Kumbe sijda huliinamisha tangi. Nilifurahi hata nikasahau kula.

Jumamosi, 14 Septemba
Mimi hulalia ubavu wa kushoto, uso ukutani. Makosa. Mlango uko upande wa pua, kwa hivyo shavu bovu lafaa liwe juu. Bibi kila siku husema nilalie wa kulia, ni sunna. Jana nililala hivyo. Asubuhi, mvuke wa maji moto, kanga kichwani. Ikatiririka. Yachukiza. Raha tupu.

Jumatatu, 16 Septemba
Nimesoma. Ghuna si nene, lakini imetoka. Bi Zena kafumba macho hadi mwisho. "Haya, utafungua wewe." Mwanaidi kanifinya mkono: "Usituaibishe, shoga."
Nimerudi nyumbani. Nimefua buibui la kuvaa siku ya maulidi, nikalianika uani. Nikasimama kando yake. Lanukia sabuni.