Gome la Senje

Alhamisi, jioni. Mvua ya saa tisa imenyesha saa tisa, kama kawaida ya Kakamega. Angalau kuna kitu hapa ambacho bado kinatimiza ahadi.

Nimefika nyumbani Shieywe nimelowa. Viatu nimeviacha mlangoni, hasira nimeingia nayo ndani. Blogu hii haina jina langu, msimamizi wangu haijui, na mti sitautaja. Kwa hiyo niseme.

Senje, dada wa baba, mtu aliyenilea tangu darasa la tatu, amenidanganya kwa miezi minane.

Kazi yangu ya shahada ya pili ni kusaga gome la mti wa dawa, kulikamua dawa yake, na kuitia kwenye seli za saratani zilizo ndani ya sahani yenye vishimo vidogo. Kisha tunatia rangi. Seli zikiwa hai, kishimo kinageuka zambarau. Zikifa, kinabaki njano. Kila jaribio tunalirudia mara tatu, ili bahati isituchezee.

Gome la kwanza lilitoka shambani kwa Senje, upande wa Isecheno, gunia zima. Vishimo vikabaki njano, safu baada ya safu. Najua kuua seli kwenye sahani si kuponya mtu, hata sabuni inaziua, lakini siku hiyo nililia kidogo chooni kwa furaha. Gunia lilipoisha, Senje akanitumia mfuko wa gome lililokatwakatwa na kukaushwa vizuri. Zambarau. Akatuma mwingine. Zambarau tupu.

Nililaumu friza, nikalaumu umeme, nikajilaumu mwenyewe. Majani ya kuutambua mti tuliyachukua siku ya kwanza tu. Mifuko niliipokea bila kuuliza, maana nani anamkagua shangazi yake? Jumatatu msimamizi aliniuliza mbele ya wenzangu kama matokeo ya kwanza niliyapika. Kesho saa nne natakiwa kujibu. Nikikosa jibu, shahada yangu imekwenda na maji.

Na kila Jumapili Senje alikuwa akinipigia simu, tunaongea, halafu anaiombea kazi yangu ifanikiwe. Aliniombea huku anajua.

Hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Leo nilienda kumuuliza. Hakukana.

"Hiyo ya mifuko ni gome ya mti wa kuni," alisema, akanipeleka hadi mwisho wa shamba, karibu na mto.

Mti wa dawa umekauka. Umesimama mweupe, umevuliwa gome kuzunguka shina lote. Senje alikuwa ameupaka udongo na mavi ya ng'ombe, akaufunga kwa magunia kama mgonjwa, lakini wapi.

"Mimi nachukuanga upande moja, kama kiganja hivi, halafu naupaka udongo mpaka upone. Hata mama alikuwa anafanyanga hivyo. Nyinyi mlichukua yote."

Siku ile ya gunia nilikuwepo. Yaani, nilikuwa jikoni nikila obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku aliyetuchinjia, na wenzangu wawili wa maabara wakateremka mtoni na panga. Waliporudi niliona gunia limejaa kupita tulivyokubaliana. Nikanawa mikono, nikashukuru kwa chakula.

Nilimuuliza kwa nini hakunikatalia tu, badala ya kuniacha niaibike.

"Ningekataa, mngetafuta ingine wenyewe na hiyo panga. Na wewe, mukhana, binti yangu, kila saa tukiongea unaulizanga mfuko. Hata siku moja hujauliza mti uko aje."

Ni kweli, sijawahi kuuliza. Lakini hasira haijaisha na sitajifanya imeisha. Angeniambia mimi, peke yangu. Alinitia kundi moja na watu wa panga, mimi niliyelala kitanda kimoja naye nikiwa mdogo.

Wakati wa kuondoka tulipita njia ya nyuma kwa sababu ya matope. Karibu na zizi nikaona mti mchanga wenye majani yaleyale, na kwenye shina, upande mmoja, kiraka cha udongo cha ukubwa wa kiganja. Udongo ulikuwa bado mbichi.

Senje aliniona nikiuona. Alinifungia ndizi kwenye mfuko, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Kesho nitasema ukweli: mifuko haikuwa ya mti ule, hatukuikagua, na mti wenyewe tuliuua sisi. Swali litakalofuata nalijua. Msimamizi ataniuliza kama kuna mti mwingine.

Nimejaribu kusema "hakuna" mbele ya kioo, mara tatu. Ya tatu nilikaribia kujiamini.