Bibi Harusi Hapiti Chini ya Tao

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimebeba sementi. Mimi! Dereva wa gari la wagonjwa, mwenye shati jeupe lenye jina la kituo cha afya mfukoni. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi kasema hakuna gari jingine, na sherehe ya uzinduzi ni tarehe ishirini na mbili. Tunamwita Itifaki, kwa sababu hawezi hata kuomba chumvi bila kusema "kwa mujibu wa itifaki". Nikamwambia hili gari ni la wagonjwa. Akajibu kwamba kwa mujibu wa itifaki bado halijazinduliwa, kwa hiyo ni gari tu.

Basi, Bibi Harusi kajazwa mifuko mpaka mlangoni. Jina nimempa mimi — mweupe, mpya, ana taa kichwani. Mke wangu halipendi. Anasema yeye siku ya harusi yetu hakuletwa hata kwa baiskeli.

Sementi ni ya tao la getini. Mzee Mfadhili ndiye aliyetupa gari, na kitanda cha kujifungulia, na friji ya chanjo. Kazaliwa huku huku, akaenda mbali akatajirika. Mama yake alifia njiani akipelekwa hospitali kubwa. Walimbeba juu ya mlango, enzi hizo gari hakuna. Sasa kamati inataka jina la marehemu lipite juu ya geti kwa herufi kubwa. Mzee mwenyewe hakuomba. Kamati ndiyo imemwombea.

Fundi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kaja na fito: shemeji, gari lako lina kimo gani? Nikaisimamisha fito ubavuni mwa gari, nikaweka alama juu ya taa. Akataka kuongeza kidogo. Nikamuuliza, unaongeza nini, twiga wanakuja kutibiwa hapa? Tao likiwa juu mno jina halisomeki. Kacheka, kaondoka na fito yake.

Alhamisi, 6 Juni

Sista kampima mke wangu. Sista ndiye muuguzi mkuu, na daktari mwenyewe akimwona anarekebisha kola. Mtoto wetu wa kwanza alitoka kwa upasuaji. Huyu wa pili, kasema Sista, hakuna mchezo: uchungu ukianza tu, gari, hospitali kubwa. Hapa hatuna chumba cha upasuaji na mshono wa zamani unaweza kuachia. Mke wangu kanitazama. Umesikia? Nimesikia.

Nimesikia mpaka chakula kimenishinda. Njia ni mbovu, mashimo yake nayafahamu moja moja. Lakini gari tunalo! Mwaka jana ningekuwa natafuta mlango wa kung'oa. Namshukuru yule mzee, kwa kweli, kutoka moyoni.

Mama mkwe kawasili kumsubiri mjukuu. Mama mwenye mwili wake, haswa. Kakaa kwenye kochi letu na kochi likalalamika. Kanibebea ndizi. "Kula, baba, umekonda." Huwa ananiita baba, nami huwa nanyooka mgongo.

Jumatano, 12 Juni

Tao limekwisha. Zuri! Herufi nyekundu, jina lote la marehemu, na chini yake "Karibuni". Nilikuwa natoka kumrudisha mgonjwa kwao. Nikapiga honi, nikaingia kwa mbwembwe zote —

KRRRR!

Taa. Kituo kizima kikatoka nje, hadi waliotundikiwa dripu. Shemeji kaja mbio na fito. Kapima tao: alama ile ile. Kapima gari: limezidi! Tukatazamana. Hapo ndipo nilipokumbuka ile mifuko. Siku tunapima, springi zilikuwa zimelala chini kabisa. Bibi Harusi akiwa mtupu anasimama wima kama anapigwa picha.

Nikamnong'oneza shemeji. Naye akaninong'oneza: tunyamaze.

Itifaki kafika anahema. Nani alipima? Shemeji, uso mkavu kabisa: kipimo kilikuwa sahihi, mwenyekiti. Gari ndilo limekua.

Itifaki kafikiri. Kasema atalipeleka kwenye kamati.

Bibi Harusi kalala nje.

Alhamisi, 13 Juni

Betri imeibwa! Usiku wa kwanza tu nje! Tumeazima ya trekta. Itifaki kaamuru gari lilale ndani ya ua, hataki maneno.

Litaingiaje? Kubomoa tao: shemeji anasema humo katia nondo za kutosha daraja, ni kazi ya siku nzima. Na Itifaki anasema jina la marehemu halibomolewi kabla mwanawe hajaliona. Kufungua taa: fundi umeme anasema imeshikana na paa, ukiing'oa mvua itamnyeshea mgonjwa. Kutoa upepo kwenye matairi: pampu tuliyonayo ni ya baiskeli ya mlinzi.

Sista kalizunguka gari mara moja. Halafu kasema: si lilishuka kwa sementi? (Shemeji! Siri kwake haikai.) Basi pandisheni watu.

Wakapanda. Mpishi, mlinzi, mfamasia, ndugu za wagonjwa waliokuwa wanaanika nguo. Bado kidogo. Mama mkwe alikuwa anapita na bakuli la mke wangu (nyumba yetu imo humu humu uani), akauliza mnacheza nini. Tukamwomba apande. Kapanda. Gari likashuka! Taa ikapita chini ya tao bila hata kugusa rangi. Vigelegele. Mama mkwe naye kapiga.

Jumamosi, 15 Juni

Sasa tumezoea. Kukiwa na safari mlinzi anagonga kengele, watu wanapanda, tunapita, wanashuka, naondoka. Jana mzee mmoja wa homa kali kawatazama wote waliomzunguka, machozi yakamtoka. Kasema hakujua ana ndugu wengi hivi.

Lakini leo nimejiharibia. Sista kaniuliza, siku ya mkeo tukikosa watu je? Nikamjibu, huku najiona mcheshi: tukimpata mama mkwe tumemaliza, yule peke yake ni mifuko mitatu ya sementi.

Sista hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Mama mkwe. Mlangoni. Na bakuli langu la chakula.

Kaliweka mezani taratibu. Kaondoka. Ardhi ingepasuka pale ningeshukuru.

Jumanne, 18 Juni

Mama mkwe anakunywa uji tu. Bila sukari. Kasema hataki kuelemea magari ya watu.

Na "baba" imekwisha. Tunakaa meza moja, anamwambia mke wangu: mwambie huyo anisogezee maji. Huyo! Nasogeza maji. Mke wangu anaambiwa amwambie huyo asante.

Mke wangu kanivuta jikoni. Kasema nikaombe msamaha, yeye hawezi kuzaa katikati ya vita. Nikaenda. Nikasimama mbele ya mama mkwe. Maneno niliyapanga vizuri kabisa. Ulimi ukagoma. Nikasema, "Shikamoo, mama." Nilishamwamkia asubuhi. Akaitikia marahaba kwa mara ya pili, macho ukutani. Nikarudi jikoni.

Ijumaa, 21 Juni

Viti, maturubai, spika. Bibi Harusi kaoshwa, kafungwa utepe mwekundu, kaegeshwa katikati ya ua akitazama geti. Mpaka Mzee akate utepe, hatoki. Itifaki kaagiza wale wa kupanda wakae nyuma ya jiko, mgeni asiwaone.

Mke wangu anasema mgongo unamuuma. Sista kamtazama: bado siku kadhaa, lakini usiende mbali. Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Gauni la mama mkwe la sherehe linampwaya. Nimeliona. Sikusema kitu, safari hii.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika nikiwa kwenye usukani. Sista kasema nisishuke, nisizime gari, nisimuulize kitu. Shajara huwa inakaa hapa kwenye dashibodi, basi naandika. La sivyo nitapiga honi mpaka nizimie.

Ilivyokuwa: Mzee Mfadhili kafika. Tulitegemea mtu mkubwa. Kumbe kazee kembamba, suti imemzidi, hata kiti hakikujua kama kimekaliwa. Alipofika getini alisimama chini ya tao muda mrefu, kichwa juu. Halafu kauliza kama gari linafanya kazi. Itifaki kamwambia kwa mujibu wa ratiba swali hilo litajibiwa baada ya ngoma.

Itifaki yuko kwenye salamu, hajafika hata nusu ya wageni waalikwa, mke wangu akanishika mkono. Siyo kushika kwa mapenzi! Chupa ya uzazi imepasuka pale pale, chini ya turubai, mbele ya wazee wa kamati.

Sista: "Gari!"

Mlinzi kagonga kengele. Nyuma ya jiko wakatoka wote mbio, mpishi na mwiko wake mkononi, wakamvuka mgeni wa heshima kama kiti kitupu. Mama mkwe wa kwanza! Sijawahi kumwona akikimbia. Mzee kashangaa: hao wote ni wagonjwa? Kasema basi chukueni gari langu, liko nje. Sista akakataa: mgonjwa lazima alale, keshalazwa humu kawekewa dripu, na oksijeni imefungwa humu ndani.

Tukasogea getini taratibu. Nikasubiri lishuke.

KRRRR.

Unene wa kidole! Kidole kimoja! Shemeji kapanda ngazi, kaweka jicho kwenye taa, kasema halipiti. Watu ni wale wale! Nimewahesabu kwenye kioo. Sista naye kahesabu. Halafu wote, mmoja mmoja, wakamgeukia mama mkwe.

"Mama," kasema Sista, "umepungua!"

"Muulize huyo. Yeye ndiye mwenye mizani."

Mke wangu kapiga kelele, sijui kwa uchungu au kwa hasira. Nikafungua kile kidirisha cha nyuma ya kiti changu. Safari hii ulimi ukatii. Nikasema mama, nisamehe, mimi ni mpumbavu, mdomo wangu hauna breki, kuanzia leo kula kila kitu kilichomo nyumbani kwangu hata kochi. Nilisema kwa sauti, na maikrofoni ya sherehe ilikuwa karibu. Wageni wote wamesikia.

 Mama mkwe kaendelea kumpangusa mwanawe jasho.

Mzee akaja mpaka dirishani kwangu. Kaniuliza kuna nini. Itifaki akawahi: mheshimiwa, kwa kweli gari limekua. Mimi nikamweleza yote. Sementi, fito, springi. Twiga pia. Hakukasirika. Kauliza tu, kwa hiyo mnahitaji watu? Kavua viatu — viatu! — kapanda, kakaa sakafuni karibu na kichwa cha mke wangu. Springi hazikuhisi kitu. Mke wangu kaukamata mkono wake na kuuminya. Naona kwenye kioo uso wa mzee umejikunja wote, lakini anamwambia bana tu, mwanangu, bana.

Kisha kainama, kachungulia juu kupitia dirishani. Jina liko pale pale juu yetu, ukilitazama toka chini herufi zote ni ndefu. Kalitazama. Kasema taratibu, kama mtu aliyekuta mlango umezibwa nyumbani kwao:

"Mama, tupishe kidogo."

Hakuna aliyecheka. Hata mpishi.

Shemeji huko juu anasema bado. Bado kidogo! Nje amebaki mmoja tu mwenye uzito wa maana. Itifaki. Kasimama na kile kimto chenye mkasi, utepe wenyewe umeshakatika zamani, unaburuzika chini ya gurudumu. Mzee kamwita. Mwenyekiti, panda. Itifaki kasema hotuba haijaisha. Mzee kasema panda na hotuba.

Anavua koti. Analikunja! Sista kamwambia neno ambalo sitaliandika. Sasa kaweka mguu. Bibi Harusi kaguna. Kaweka wa pili. Mlango wa nyuma unasukumwa na watu wa ngoma. Mke wangu anauliza kwa sauti ambayo nitaikumbuka mpaka nife: wewe unaandika nini?!

Shemeji kainua mkono. Naona mwanga mwembamba kati ya taa na tao. Mwembamba, lakini naona kabisa.

Kidirisha kimegongwa. Mama mkwe.

"Weka kalamu, baba. Tia gia."

Kaniita baba! Natia